Farasi, Mbung'o na Subira

Wasikilizaji, wako wanaouliza kwa nini Bukoba na Muleba, nchi zenye mvua na majani tele, hazikupata kuwa nchi za farasi. Wengine hudhani kwamba wenyeji hawakujua kumtiisha mnyama. Dhana hiyo si ya haki.

Kizuizi kilikuwa mbung'o. Kusini mwa Ihangiro, kuelekea Biharamulo, palikuwa na mapori yaliyojaa mdudu huyo. Mwaka 1895, huko Zululand, daktari David Bruce alitambua kwamba mbung'o ndiye achukuaye vijidudu vya nagana. Farasi aliyeambukizwa hukonda, na asipotibiwa hufa. Basi farasi walifika Unguja kwa vyombo vya baharini, hata mwaka 1840 Seyyid Said akampelekea Rais wa Marekani farasi wawili; lakini njia ya bara iliwafungia.

Mnyama wa Wahaya alikuwa ng'ombe, na miongoni mwao wale wa pembe ndefu. Pembe zile zaweza kumtoboa mtu, ila ng'ombe aliyezoea sauti ya mchungaji wake humfuata hata akiwa ni mtoto. Je, huo si utiisho?

Elimu yenyewe ni ile ile. Yapata mwaka 350 kabla ya Kristo, Myunani Xenophon aliandika kwamba farasi asikaribiwe kwa hasira. Kwani akistuka kisha akapigwa, hudhani kitu kilichomstusha ndicho kilichomwumiza. Macho ya farasi yako kando ya kichwa, wala haoni nyuma yake kabisa. Kwa hiyo mwendee ubavuni, ukisema naye polepole. Ukivuta kamba, ilegeze mara atiipo hatua moja. Fundisha kidogo, kisha mpumzishe.

Mfugaji wa ng'ombe naye afanye vivyo hivyo. Ng'ombe mwenye hofu huzuia maziwa, huvunja zizi na kuumiza watu. Sotoka ya miaka ya 1890 ilipoangamiza makundi ya ng'ombe, migomba ya kibanja nayo ilikosa samadi. Ugonjwa ule ulitangazwa kuwa umekoma duniani mwaka 2011. Fimbo ya hasira ingaliko. Hiyo haihitaji daktari wala dawa: mwenye mkono aweza kuiweka chini leo.