Ngozi ya Dhahabu juu ya Shaba

Msomaji, ukipata nafasi ya kumtazama fundi wa simu mjini Homa Bay akifungua simu mbovu, usiyaache macho yako yapite upesi. Ndani yake utaona utepe mwembamba wa rangi ya kahawia, unaokunjika bila kukatika, na penye ncha zake panang'aa. Utepe huo ni saketi, yaani njia za shaba zilizobandikwa juu ya plastiki ili umeme upite. Mng'ao wa ncha zake ni dhahabu.

Madini hayo si mageni katika nchi hiyo. Huko Macalder, katika Migori, shaba na dhahabu zilitoka katika mgodi mmoja. Katika miaka ya 1930 watu waliifuata dhahabu. Baadaye shaba ikawa ndiyo kazi kubwa, hata mgodi ulipofungwa mwaka 1966. Zama hizo hizo saketi za kuchapwa zilikuwa zikienea duniani. Paul Eisler, mzaliwa wa Austria aliyehamia London, ndiye aliyeanza kuzibuni mwaka 1936.

Huenda ukauliza, dhahabu ya nini? Shaba hupitisha umeme vizuri mno, lakini hewa huila na kuitia weusi. Dhahabu hailiwi, ila ni ghali, na kwa hiyo tangu kale mafundi waliipaka juu ya metali nyingine. Mafundi wa Ulaya waliichanganya na zebaki, wakaupaka uji ule juu ya shaba, wakautia motoni. Zebaki ikatoka kwa mvuke, dhahabu ikabaki. Mvuke huo uliwatetemesha mikono, ukawaua wengi kabla ya uzee. Mwaka 1840 George na Henry Elkington wa Birmingham walipata hataza ya kupaka dhahabu kwa nguvu ya umeme, na zebaki ikaanza kuachwa.

Katika viwanda vya leo, ambavyo vingi viko Asia, shaba huoshwa mafuta na taka, kisha hukwaruzwa kidogo kwa asidi ili ishike. Hutiwa kwanza nikeli, unene wa maikromita 3 hadi 6, kwa maana shaba ikigusana na dhahabu hupenya polepole mpaka juu. Ndipo huja dhahabu, maikromita 0.05 au zaidi kidogo. Unywele wako ni mnene kuliko hiyo mara elfu moja na zaidi. Tena nikeli hupasuka ikikunjwa. Basi mahali pa kukunjwa hufunikwa plastiki tu, na dhahabu huwekwa kwenye ncha. Kwangu mimi, hapo ndipo ilipo akili ya kazi hii.

Lakini zebaki iliyoachwa na wapakaji wa Birmingham haijaachwa Migori. Wachimbaji wadogo, na wanawake wengi miongoni mwao, hukanda mchanga na zebaki kwa mikono mitupu, kisha huchoma donge ili dhahabu ibaki, kama walivyofanya mafundi wale wa kale. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 wataka desturi hiyo ipunguzwe, na ikiwezekana ikomeshwe. Mvuke huvutwa na mchomaji na mtoto aliye karibu naye. Masalio huchukuliwa na mvua. Mto Migori huingia Kuja, na Kuja huingia katika ziwa lile lile wanalovua samaki watu wa Homa Bay.