Kazimia: kwa nini siku ya mgao wanauliza namba kabla ya jina

Wasikilizaji wetu, na ninyi familia mliokimbia makwenu, swali hili linarudi kila mara: kwa nini anayeshika kompyuta anataka namba ya kadi kwanza, jina baadaye?

Tuanze hapa ziwani. Mchuuzi wa ndakala ana kaye mbili: moja ya wateja, nyingine ya mizigo waliyoagiza. Anaweza kusoma jina la mteja wa kwanza, apekue kaye ya pili yote, kisha arudie kwa wa pili. Wateja 300, kupekua mara 300. Au ampe kila mteja namba, aiandike kwenye kila mzigo, apange kaye zote kwa namba na kuzisoma pamoja mara moja.

Njia hiyo ya pili ina wazee wake. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi IBM huko Marekani, aliandika kwamba habari zikae katika majedwali yanayounganishwa na kilichoandikwa ndani yake, kama namba. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce wakatoa lugha ya kuuliza majedwali hayo, ile inayoitwa leo SQL. Wewe unasema unachotaka, kompyuta inatafuta njia. Lakini kama namba hazikupangiwa faharasa, itapekua mstari kwa mstari, na watu wanaungua jua. Mara nyingine tunausingizia mtandao bure.

Vita vya 1996 viliwavusha watu wa Fizi hadi Nyarugusu, Tanzania. Oktoba 2005 wengine wakaanza kurudishwa kwa meli, kutoka Kigoma hadi Baraka. Katika miaka hiyo UNHCR ilikuwa inaeneza mfumo wake wa proGres, ambamo kila mtu ana namba na familia ina namba yake.

Jina haliwezi kazi hiyo. Wilondja na Wilonja, kwa kompyuta ni watu wawili. Na Wilondja wa Fizi ni wangapi?

Kuna kosa lingine, baya zaidi. Ukiuliza kompyuta "familia na migao yao", inaweza kuleta zile tu zilizopata. Zilizokosa hazionekani hata kwa jina, na orodha inaonekana safi. Lazima iulizwe "familia zote, hata zisizo na mgao". Kamati ikisomewa orodha, iulize kwanza ni ipi kati ya hizo mbili.