Filamu Iliyoizamisha Meli ya Mavyaa Wangu

Najua niliwaahidi mapishi ya migebuka kwa mawese, na yatakuja in sha Allah. Lakini wiki hii kuna jambo limenikaa rohoni, nalo nataka nilitoe kwanza.

Nilipoposwa na mtu wa Ujiji, shoga zangu kisiwani walinicheka kuwa naenda kuolewa mwisho wa reli. Mmoja, mpenzi mkubwa wa sinema za zamani, akanipa zawadi ya harusi ambayo sikuitegemea: filamu ya mwaka 1951, The African Queen. "Hii ndiyo filamu ya ziwa lako," akaniambia. "Ina meli ya Kigoma, ina mapenzi, na ina harusi melini." Bi harusi gani angeikataa? Nikaitia sandukuni pamoja na doti za kanga.

Kusema kweli nilikuwa nimeshaumwa na nyoka mara moja. Kuna filamu ya 1939, Stanley and Livingstone, ambamo Spencer Tracy anamtafuta Livingstone mpaka anamkuta Ujiji. Mkutano ule ulikuwa wa Novemba 1871, na Ujiji wakati huo ulikuwa mji hasa: soko la samaki na mafuta ya mawese, wafanyabiashara kutoka pwani na kisiwani kwetu, Kiswahili kikizungumzwa barazani. Aliyetoka mwanzo kumpokea Stanley njiani hakuwa Livingstone, alikuwa Susi, mtumishi wake. Watengeneza filamu hawakutosheka na hayo, wakamtungia Stanley mapenzi ambayo historia haiyajui. Hiyo niliizima kabla haijesha.

Lakini The African Queen nilikuwa na tamaa nayo kubwa. Humphrey Bogart alipata Oscar kwa ajili yake, ya pekee maishani mwake. Basi usiku mmoja baada ya Isha nikaweka kompyuta juu ya stuli, mimi na wifi yangu mkekani, mavyaa wangu kwenye kiti chake na tasbihi mkononi. Mimi nikawa mkalimani.

Kitu cha kwanza: ziwa silo. Mavyaa alilitazama dakika mbili tu, akasema, "Hili si ziwa letu." Ana haki. Mwongozaji John Huston alipiga picha zake Kongo, kwenye mto Ruiki, na Uganda, kwenye Ziwa Albert na upande wa maporomoko ya Murchison, na vipande vingine vikamaliziwa studio London. Tanganyika hakupiga picha.

Cha pili kiliniuma zaidi. Filamu inaanza kanisani kijijini, mwaka 1914. Wanakijiji wanaimba, na uimbaji wao umefanywa kelele tupu, ili mtazamaji acheke. Kisha askari wa Kijerumani wanachoma nyumba na kuwaswaga watu. Baada ya hapo watu wale hatuwaoni tena. Hatuambiwi walikokwenda wala nani alikufa. Kamera inabaki na Wazungu wawili: Rose, dada wa mmisionari, na Charlie, mwenye kimashua cha mvuke, wanaoteremka mto wakaizamishe meli ya Wajerumani kwa milipuko waliyoiunda wenyewe.

Kisa cha kweli, wallahi, ni kikubwa kuliko hiki. Reli ilifika Kigoma Februari 1914. Meli yenyewe, Graf von Götzen, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye maelfu ya makasha, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa treni. Hapo mafundi watatu waliotoka nayo Papenburg, pamoja na Wahindi na Waafrika, wakaiunganisha upya msumari kwa msumari. Iliteremshwa majini Februari 1915, chuma cha mita 71 hivi, na hapakuwa na chombo ziwani cha kushindana nacho.

Waingereza nao wakaleta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou. (Mimi hii si mimi ya Kiswahili. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa, wakubwa wake wakamkatalia, akachukua milio ya wanyama hao kwa Kifaransa. Mtu huyo alikuwa akivaa sketi ya khaki vitani, na hilo silitungi.) Mashua zilitoka Uingereza kwa meli hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Kongo, halafu zikakokotwa kuvuka milima ya Mitumba. Nani alikata miti, akajenga madaraja, akavuta kamba pale mashine na ng'ombe waliposhindwa? Maelfu ya Waafrika. Filamu ya safari ile ningeikesha.

Mashua hizo ziliiteka meli ndogo ya Kijerumani, Kingani, tarehe 26 Disemba 1915, na kuizamisha Hedwig von Wissmann tarehe 9 Februari 1916. Götzen ilipotokeza baadaye, Spicer-Simson hakuthubutu kuisogelea. Hakuna Mwingereza aliyeizamisha, si mwanajeshi wala bibi wa misheni. Julai 1916, Wabelgiji walipokaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha wenyewe upande wa mdomo wa mto Malagarasi, lakini kwanza mafundi walizipaka mashine zake grisi nene, kama mtu anayefunga nyumba akijua atarudi.

Turudi mkekani. Nisiidhulumu filamu, ina mazuri yake. Rose, aliyechezwa na Katharine Hepburn, ni mwanamke mwenye kauli. Mpango wote ni wake, Charlie anaburutwa tu. Siku moja anaamka kabla ya Charlie, anachukua chupa zake zote za pombe kali, anazimimina mtoni moja baada ya nyingine bila neno. Mavyaa alishusha tasbihi, akapiga makofi. Na namna wale wawili, watu wazima waliokwisha kupoa, wanavyogombana na kuzoeana ndani ya chombo kisichozidi chumba kimoja, mke yeyote mpya atacheka kwa kujijua.

Ndipo ikaja harusi niliyosifiwa. Wamekamatwa, wako kwenye meli ya Wajerumani, kamba za kuwanyongea ziko tayari. Charlie anamwomba nahodha awafungishe ndoa kwanza. Nahodha anakubali, anawafungisha kwa pumzi moja, na kwa pumzi hiyo hiyo anaamuru wanyongwe. Basi. Nilikuwa nimengoja hapo tangu kisiwani.

"Imekwisha?" mavyaa akauliza.

"Imekwisha, mama."

"Walii nani? Mahari nani kapokea?"

Wifi yangu alikuwa analia kwa kucheka. Mwishowe meli inagonga ile milipuko, inapasuka, inazama, na maharusi wanaogelea wakiimba. Katika kitabu cha C. S. Forester cha mwaka 1935, kilichozaa filamu, hakuna harusi ya namna hiyo. Mashua yao inazama kwa dhoruba bila kufanya lolote, na meli inapigwa na boti mbili za Waingereza. Mwandishi alijua kisa cha Mimi na Toutou. Sinema ndiyo iliyotaka bomu na pete.

Mavyaa hakucheka tena. "Meli yetu wameizamisha?" akasema.

Maana kwake ile ni Liemba. Waingereza waliiibua mwaka 1924, mashine zikakutwa salama ndani ya grisi yake, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina hilo, ambalo Livingstone aliwahi kuandika kuwa ni jina la ziwa upande wa kusini. Ikawa inapanda na kushuka kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia. Mwaka 1997 ilirudisha wakimbizi Kongo. Mei 2015 Warundi walipojaa Kagunga, kijiji cha mpakani kisicho na barabara, iliwachukua mamia kwa safari hadi Kigoma, kina mama na watoto migongoni.

Na ilimchukua yeye. Mwaka wa Azimio la Arusha alitoka kwao Kirando, bi harusi wa siku nne, kuja kwa mumewe Ujiji. Meli ilikuwa ikisimama mbali na ufukwe, mitumbwi ikiifuata. Alipandishwa usiku kwa kushikwa mikono, amejifunika kanga mbili, sanduku lake likivutwa nyuma kwa kamba na kelele za watu asiowajua. Alikesha sitahani karibu na magunia ya dagaa, akiogopa kulala asije akaibiwa sanduku. Sanduku hilo lipo mpaka leo, liko chumbani kwangu, ndimo nilimoweka kanga zangu.

Nikauliza kama nizime. Akafikiri.

"Rudisha pale," akasema, "anapomwaga pombe."