Ngurumo za Milimani

Vitabu vya jiografia vimetuzoesha istilahi moja, mvua ya milima: upepo wenye unyevu unakutana na mlima, unapanda, unapoa, mvuke unakuwa mawingu; upande unaokabili upepo unalowa, wa pili unabaki mkavu. Maelezo hayo yanaeleza vizuri kwa nini Usambara ya Mashariki, inayotazama bahari, ina misitu minene. Kwa Kericho hayatoshi.

Kericho, mji wa chai magharibi mwa Kenya, uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko mita 1,134. Jua likishapanda, miteremko hupata moto, na hewa inayoigusa huwa na joto kuliko hewa ya kimo hichohicho iliyo juu ya ziwa. Hupaa, na upepo huvutwa kupanda nyuma yake. Mlima hapo si ukuta tu, ni jiko. Upepo wa ziwani nao huingia bara na unyevu wake, ukakumbana na pepo za mashariki zinazovuka Bonde la Ufa. Hewa ikibanwa hivyo haina njia ila juu, na kufikia alasiri wingu la radi limeshasimama.

Kwa hali hii napendekeza ngurumo za milimani. Dhoruba siipendi: kwa mtu wa pwani neno hilo lina harufu ya bahari na jahazi. Radi nayo ni ule mpigo wenyewe. Na nasema milimani, si milima, kwa sababu -ni inataja mahali zinapozaliwa, na hazikai hapo. Jioni nyingi husukumwa magharibi kuelekea ziwani. Usiku, nchi kavu ikishapoa, pepo za kila upande wa ziwa huteremka na kukutana juu ya maji, na ngurumo huanza upya huko. Wanaokumbwa ni wavuvi wa dagaa, ambao kazi yao ni ya usiku, kwa taa.

Kimo kina athari nyingine, na wakulima wa chai wanaijua kwa hasara: mvua ya mawe. Katika tropiki, nyuzi sifuri hupatikana kiasi cha mita 4,500 hadi 5,000 angani. Jiwe la barafu likishuka Mombasa linapita karibu kilomita tano za hewa ya joto, likafika likiwa tone. Kericho na Nandi safari hiyo haifiki kilomita tatu, basi linafika jiwe na kuchana majani machanga, yaleyale yanayochumwa. Miaka ya 1960 na 1970 ndege zilirushwa huko kuyapulizia mawingu iodidi ya fedha, kwa nadharia kwamba chembe nyingi zikigombania maji yaleyale, hakuna jiwe litakalonenepa.