Roald Dahl

Roald Dahl (13 Septemba 1916 – 23 Novemba 1990) alikuwa mwandishi kutoka Welisi, nchini Uingereza. Anajulikana hasa kwa vitabu vyake vya watoto, kama vile Charlie and the Chocolate Factory, The BFG na Matilda, ambavyo pamoja na vingine vyake vimeuzwa zaidi ya nakala milioni 250. Kabla ya kuwa mwandishi alifanya kazi katika kampuni ya mafuta mjini Dar es Salaam, kisha akawa rubani wa ndege za kivita. Mambo mengi yanayosimuliwa katika vitabu vyake yalitokana na maisha yake mwenyewe.

Utoto na shule

Dahl alizaliwa Llandaff, katika mji wa Cardiff. Wazazi wake, Harald na Sofie Magdalene, walitoka Norwei, na walimpa jina la mpelelezi Roald Amundsen. Nyumbani familia ilizungumza Kinorwei. Mwaka 1920 dada yake Astri alifariki kwa ugonjwa wa kidole tumbo akiwa na umri wa miaka 7. Wiki chache baadaye baba yao alifariki kwa nimonia. Mama hakurudi Norwei, kwa kuwa mumewe alitaka watoto wasome katika shule za Uingereza. Aliwalea akiwasimulia hadithi za kale za Norwei. Bibi wa Kinorwei katika kitabu cha The Witches (1983) ana sura ya mama huyo.

Dahl alisoma katika shule za bweni ambako wanafunzi walichapwa viboko mara kwa mara. Baadaye alisimulia adhabu hizo katika kitabu cha Boy (1984), na watu wazima wakatili wanaowaonea watoto ni wengi katika hadithi zake. Akiwa katika shule ya Repton, kampuni ya Cadbury ilikuwa ikiwatumia wanafunzi maboksi ya chokoleti mpya ili waonje na kutoa maoni yao. Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyozaa hadithi ya kiwanda cha chokoleti.

Tanganyika

Mwaka 1934 Dahl aliajiriwa na kampuni ya Shell. Mwaka 1938 alitumwa Dar es Salaam, Tanganyika, nchi iliyokuwa ikitawaliwa na Uingereza. Huko alijifunza Kiswahili na kusafiri kuwatembelea wateja wa kampuni. Habari za miaka hiyo alizieleza katika kitabu cha Going Solo (1986), ambamo mna visa vya simba na nyoka wenye sumu kali.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, alipewa cheo cha afisa katika jeshi la King's African Rifles. Aliongoza kikosi cha askari Waafrika waliopewa kazi ya kuwakamata Wajerumani waliokuwa wakiishi nchini. Mnamo Novemba mwaka huohuo aliendesha gari kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi ili kujiunga na jeshi la anga la Uingereza, na hapo ndipo alipojifunza urubani. Wengi wa vijana aliojifunza nao waliuawa vitani.

Rubani na mwanzo wa uandishi

Tarehe 19 Septemba 1940 ndege yake ilianguka katika jangwa la Libya. Alivunjika fuvu na kupoteza uwezo wa kuona kwa muda. Alipopona alipigana nchini Ugiriki mwaka 1941, lakini maumivu ya kichwa yalimlazimu kuacha kuruka. Mwaka 1942 alipelekwa Washington, Marekani, kufanya kazi katika ubalozi. Huko mwandishi C. S. Forester alimwomba maelezo ya ajali yake ili ayaandike. Dahl aliyaandika yeye mwenyewe, na yakachapishwa katika jarida la Saturday Evening Post.

Familia

Mwaka 1953 alimwoa mwigizaji Patricia Neal wa Marekani, wakapata watoto watano. Mwaka 1960 mtoto wao Theo, akiwa bado mchanga, aligongwa na teksi mjini New York, na maji yakaanza kujaa ndani ya kichwa chake. Vali iliyowekwa kuyatoa iliziba mara kwa mara. Dahl alishirikiana na fundi Stanley Wade na daktari wa upasuaji Kenneth Till kubuni vali bora zaidi. Ilipokuwa tayari Theo hakuihitaji tena, lakini ilitumika kwa karibu watoto 3,000.

Mwaka 1962 binti yao Olivia alifariki kutokana na surua iliyoathiri ubongo. Alikuwa na umri wa miaka 7, sawa na shangazi yake Astri. Wakati huo chanjo ya surua ilikuwa bado haijapatikana. Dahl aliandika The BFG (1982) kwa ajili ya kumbukumbu ya Olivia, na mwaka 1986 aliwaandikia wazazi akiwahimiza kuwachanja watoto wao.

Mwaka 1965 Patricia alipatwa na kiharusi. Dahl alipanga majirani wamfundishe kuzungumza upya kila siku, naye akarudi kwenye uigizaji. Waliachana mwaka 1983, na Dahl akamwoa Felicity Crosland.

Namna ya kuandika

Dahl aliandika katika kibanda kidogo bustanini kwake, katika kijiji cha Great Missenden. Aliketi kwenye kiti cha zamani, ubao ukiwa juu ya mapaja, akitumia penseli na karatasi za njano. Gari la kukokotwa na farasi lililokuwa katika bustani hiyo ndilo lililokuwa mfano wa nyumba ya Danny katika Danny, the Champion of the World (1975).

Ukosoaji

Katika toleo la kwanza la Charlie and the Chocolate Factory (1964), wafanyakazi wa kiwanda walikuwa mbilikimo kutoka Afrika, ambao hulipwa kwa kakao. Baada ya kulaumiwa kwa ubaguzi, Dahl aliwabadilisha katika toleo la 1973. Kauli zake dhidi ya Wayahudi nazo zililaaniwa, na mwaka 2020 familia yake iliomba radhi. Mwaka 2023 wachapishaji walibadilisha maneno kadhaa katika vitabu vyake. Baada ya mabishano makubwa, walitangaza kwamba matoleo ya awali pia yataendelea kuuzwa.

Dahl alifariki Oxford akiwa na umri wa miaka 74, akazikwa Great Missenden.