Mwanzi Ndani ya Tarakilishi

Wapenzi wa michezo ya tarakilishi, mmewahi kujiuliza ile misitu ya mianzi hutoka wapi? Wengi hudhani kuna mchoraji aliyekaa akachora jani baada ya jani. La hasha. Mara nyingi mimea hiyo huoteshwa kwa kanuni, na kanuni zenyewe zilianzia kwa watu wa mimea, si kwetu sisi waandishi wa programu.

Mwaka 1968 Aristid Lindenmayer, mwanabiolojia mzaliwa wa Hungaria, alieleza ukuaji wa mimea midogo kwa herufi. A inageuka AB, B inageuka A. Ukirudia unapata AB, ABA, ABAAB, na kuendelea. Mwaka 1984 Alvy Ray Smith wa Lucasfilm alitumia kanuni za aina hii kutengeneza picha za mimea.

Hiyo ndiyo historia inayosimuliwa sana. Nyingine inapitia shamba la kahawa hapa Afrika, na sijui kwa nini hatuitaji.

Katika miaka ya 1970 Mfaransa Philippe de Reffye alikuwa Côte d'Ivoire akichunguza kahawa ya robusta. Alilichukulia kila chipukizi kama mchezo wa dadu: litakua, litatulia, au litakufa. Mwaka 1979 aliwasilisha tasnifu yake juu ya jambo hilo, na mwaka 1988 yeye na wenzake wakaonyesha mimea yao mbele ya wataalamu wa michoro ya tarakilishi kwenye mkutano wa SIGGRAPH. Walijenga juu ya kazi ya wanabotania kama Francis Hallé, ambaye pamoja na Oldeman na Tomlinson waligawa miti ya tropiki katika maumbo 23 (kitabu chao ni cha 1978). Umbo moja lina jina la McClure, Mmarekani aliyebobea katika mianzi.

Sasa mwanzi wenyewe. Huchomoza ardhini ukiwa na unene wake wote, kisha pingili hurefuka tu. Haunenepi kama mti. Kwa hiyo unatengeneza pingili moja, unaipanga juu ya nyingine, unatoa matawi kwenye vifundo, basi. Taabu ni majani. Ukiyachonga yote kwa pembetatu, kadi ya grafiki inalia, ndiyo maana wengi hubandika picha bapa yenye sehemu zinazopenya mwanga. Mwanzi mmoja huwekwa kwenye kumbukumbu, ukarudiwa mara elfu.

Lakini jicho halidanganyiki. Ukipanda Aberdare utaona mianzi iliyoinama, mingine imekufa ikisimama kati ya mizima. Msitu wa nakala hauna hayo mpaka urudishe dadu ya de Reffye.

Anayetaka kujaribu, kitabu cha Prusinkiewicz na Lindenmayer cha 1990, The Algorithmic Beauty of Plants, kinapatikana bure mtandaoni. Sura ya kwanza unaweza kuifuata kwa penseli na karatasi.