Hodi na Daftari la Mlinzi

Getini kwenye jengo moja la ofisi nilikabidhiwa daftari la wageni: jina, namba ya kitambulisho, simu, unakwenda kwa nani, sahihi. Kalamu imefungwa kwa uzi. Kabla sijaufikia mstari wangu nilishasoma namba za watu kumi na mmoja, na mmoja wao namjua. Kumbe asubuhi ile alikwenda kwa mwanasheria.

Pwani, faragha ilianzia mlangoni. Unabisha hodi mara tatu; usipoitikiwa unarudi ulikotoka, hata kama redio inasikika ndani. Kimya cha bi harusi kilihesabiwa kukubali. Cha mwenye nyumba, kamwe. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2018, nayo inakataa kuhesabu ukimya kuwa ridhaa.

Wajerumani waliifikia faragha ya data kwa kuiogopa serikali, na baada ya Wanazi walikuwa na sababu. Jimbo la Hesse lilitunga sheria ya data mwaka 1970. Mwaka 1983 Mahakama ya Katiba ikaisimamisha sensa, ikasema mtu ndiye mwamuzi wa matumizi ya taarifa zake. Marekani imetunga vipandevipande: rekodi za serikali kuu 1974, za matibabu 1996, California 2018. Sheria moja ya nchi nzima inayozibana kampuni zote haina.

Sheria za Kenya (2019) na Tanzania (2022) zimeegemea Ulaya. Ila mtihani mkali ulikuwa Nairobi, katikati ya 2023, watu walipojipanga kwenye jumba la mikutano la KICC wapigwe picha za mboni na mradi wa Worldcoin, ili wapate sarafu za kidijitali zenye thamani ya kama shilingi 7,000. Ndiyo waliitamka wenyewe. Serikali ikasimamisha zoezi Agosti. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ile ifutwe. Bibi yangu asingehitaji mahakama: anayebisha kwa mwenye njaa huku amebeba sinia la pilau, huyo hakubisha hodi, ameshaingia.

Sheria ya Tanzania inagusa taarifa iliyorekodiwa kwa namna yoyote, kwa hiyo daftari lenye jalada lililochanika lina wajibu uleule wa seva. Pale getini nikaacha wazi nafasi ya kitambulisho. Mlinzi akalivuta, akaangalia, akanirudishia.

“Andika tu, mzee wangu. Kwani nani anasoma?”